Bi Povu na Glasi ya Mpishi

Baada ya miaka ishirini na sita ya kutengeneza bia katika baa yetu, Bi Povu anastaafu tarehe thelathini Juni. Alianza kwa kuosha matangi, akahamia kwenye kusaga kimea, na hatimaye akawa fundi mkuu. Jina la utani alipewa na wahudumu wa kaunta siku tangi lilipofurika. Alitoka chumba cha nyuma akiwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, akaomba kitambaa kwa adabu, kana kwamba amemwagikiwa chai tu.

Wateja wengi wanamjua kwa bia yake ya pasheni. Umri wangu hauniruhusu kuionja, kwa hiyo nimewauliza wanaoijua. Wanasema harufu hutangulia, hufuata uchachu unaokunja uso kidogo, kisha utamu huja polepole kama mtu anayeomba radhi.

Pipa jipya halikuuzwa kabla mpishi, ambaye ni baba yangu, hajaonja. Baba na bia ni paka na panya, na hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa kwake. Bi Povu husema mpenda bia humsamehe fundi, asiyeipenda hamsamehe. Baba akimaliza glasi, bia inauzwa. Akibakiza, haiuzwi.

Bi Povu alipaswa kuondoka mwaka jana. Binti yake alikuwa amejifungua na alimhitaji sana mama yake. Lakini Bi Povu alikuwa ameahidi kwamba haondoki mpaka msaidizi wake, tunayemwita Kimya, atengeneze bia ya pasheni peke yake. Kimya akachemsha matunda pamoja na kimea, harufu yote ikaondoka na mvuke. Baba akapiga funda moja, akauliza, "Jamani, hii ni bia au maji ya kuoshea vikombe vya juisi?"

Kimya alitaka kuacha kazi. Bi Povu hakumgombeza. Alikata pasheni, nusu akaitia kwenye maji yanayochemka, nusu kwenye maji baridi, akamwambia, "Nusa mwenyewe, mwanangu." Kisha akampigia binti yake simu, akamwomba avumilie kidogo tena.

Mwezi uliopita Kimya alisubiri bia ipoe na ichachuke kwanza, ndipo akatia matunda. Baba akaletewa glasi. Akanywa, akanywa tena. Bi Povu alikuwa ameishika aproni yake kwa mikono miwili. Baba akaipindua glasi juu ya kaunta. Halikudondoka hata tone.

"Haya, bibi wee," akasema, "nenda kalee mjukuu. Hapa hatukuhitaji tena."

Halafu akakimbilia jikoni. Supu ya jioni ile ilitiwa chumvi mara mbili.

Asante, Bi Povu, kwa bia nzuri na kwa fundi uliyetuachia. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na mjukuu asiyelia sana.