Nilitolewa Nyumbani ili Binti Yangu Ajibu Mwenyewe

Bwana asifiwe. Mmeitika kwa uchovu, na mimi sina nguvu za kuwadai mwitike tena. Tuchukue hivyo hivyo.

Ndugu zangu, nimepita hapo katikati nikasikia mama mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Kumbe huyu anatembeaka?" Natembea, mama. Polepole. Mimi ni fundi cherehani, na cherehani yangu iko kwenye baraza la nyumba yangu. Nilizaliwa Bukavu. Tulipovuka daraja la mpakani kurudi nchi hii ya wazee wetu nilipanga nyumba ya kwanza niliyoona ina baraza, nikaketi, na tangu hapo sijainuka vizuri. Anayevuka mpaka kila asubuhi na beseni la nyanya ni mke wangu. Mimi nabaki na maharagwe kwenye mbabula, jiko letu la makaa, na kuku, na suruali za watu. Mke wangu husema moto ukishika nyumba yetu nitauomba uanzie kwa jirani nimalizie pindo.

Mchungaji ameniambia nisitaje majina. Sitataja. Mnaojijua mtajijua, msiinue mikono.

Nina binti. Huyu binti darasani alikuwa anatangulia. Sijui alitoa wapi, maana mimi sekondari niliimaliza kwa kuburuzwa, na mama yake hesabu anazozipenda ni za nyanya tu. Alipofika mwaka wa sita, mwalimu wake wa biolojia alikuja mpaka barazani kwangu, akakaa juu ya rundo la vitambaa, akatuambia habari za chuo kimoja kikubwa. Chuo kinachosomesha bure, kinachochagua watoto kutoka nchi nyingi. Nikamuuliza nafasi ya mtoto wetu ikoje. Yule mwalimu ni mtu mkweli, akasema, "Papa, wanaoomba wanajaa uwanja wa mpira. Wanaochukuliwa wanaenea ku benchi moja ya kwaya."

Mtu mwenye akili angesikia hapo neno "benchi moja". Mimi nilisikia "kwaya". Nikasema, basi ni sisi.

Kwanza ilitakiwa barua ya kujieleza. Wewe ni nani, umefanya nini, unataka nini. Sasa niwaulize ninyi mliolelewa kama mimi. Mtoto mwenye heshima anasimamaje mbele za watu na kusema mimi, mimi, mimi? Hata hapa kanisani ushuhuda tunauanza na Mungu, tunakuja kwa mchungaji, tunapita kwa wazazi, na muda ukibaki ndipo mtu anasema jambo lililompata. Nikamwambia binti yangu aandike hivyo. Akaandika. Habari zikafika kwa dada yangu wa Nyakarenzo, ambaye ni mkubwa kwangu, naye akapiga simu siku ile ile.

"Mudogo wangu, miye niko mu hiyo barua?"

"Dada, ni barua ya mtoto."

"Ile maharagwe alikula mu internat, ilitoka ku shamba ya nani?"

Tukamweka dada yangu. Tukaweka na maharagwe ya bwenini. Tukaweka na kina mama wa chumba cha maombi, maana walikuwa wamefunga kwa ajili yake. Ukiisoma ile barua mpaka mwisho unatujua sisi wote, na mtoto mwenyewe humjui. Lakini alama zake zilikuwa nzuri mno, wakamwita kwenye mahojiano. Ya kwenye simu, ile ya kuonana nyuso.

Hapo ndipo nilipoharibu, na niliharibu kwa bidii. Nilichukua kitenge kizuri ambacho mama yake alikitoa Bukavu, nikashona sare. Gauni la binti, gauni la mama, gauni la dada yangu, shati langu. Siku yenyewe sebule ilijaa. Tulikuwa tumeketi nyuma ya mtoto kwa safu, kama picha ya arusi. Kina mama wa maombi walikaa chini kwenye mkeka, wakiimba kwa sauti ya chini kabisa. Walivyosema wao ni chini kabisa.

Simu ikawaka. Akaonekana mama mmoja wa miwani na kijana mmoja wa tai. Wanazungumza Kiingereza. Mimi nilisoma kwa Kifaransa, Kiingereza changu ni cha redio, kwa hiyo nilishika nusu, na nusu nyingine nilielezwa baadaye na yule mwalimu, akiwa amekasirika. Yule mama akauliza, tuambie jambo moja uliloliamua wewe mwenyewe, ambalo hakuna mtu aliyekuambia ulifanye.

Binti yangu akageuza shingo, akaniangalia mimi.

Ndugu zangu, nikajibu. Nikajibu mimi, kwa Kifaransa, kwamba mtoto huyu ni mtiifu sana, hajawahi kuamua kitu bila sisi.

Yule mama akavua miwani, akauliza kwa upole kama kuna mtu mwingine chumbani. Binti akaizungusha simu polepole. Dada yangu akapunga mkono. Mkeka ukasema "Haleluya!"

Msicheke sana. Jumapili ile ile tulikuja hapa hapa tukatoa shukrani ya imani, ile ya kushukuru kabla ya kupokea. Mlitupigia vigelegele. Mimi nilicheza, wapo walioniona, mguu huu na mguu huu. Binti alisimama pembeni na gauni lake la kitenge na hakucheza, nami nikadhani ni unyenyekevu.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Walimshukuru, wakamtakia heri.

Sasa uchovu ulianza. Mnajua uchovu wa kulima, unalala unaisha. Huu mwingine hauishi, kwa sababu kila anayeleta suruali kupunguzwa anauliza, "Atasafiri lini?" Tulishashukuru mbele za watu! Unaanzaje kuirudisha shukrani? Nikawa najibu, bado kidogo. Kisha, tunasubiri. Kisha nikawa nainamia cherehani nikijifanya sindano imekwama, na mke wangu akija jioni miguu imevimba kutoka mpakani ananikuta nimeshona mkono wa shati mahali pa shingo.

Na binti akanyamaza. Hakulia, hakugomba. Aliamka alfajiri akafuata beseni la mama yake, akavuka, akarudi, akala, akaosha sahani. Mwalimu alimwambia aombe tena na vyuo vingine, akasema asante, asijibu zaidi. Siku moja nilitaka kumshonea sketi nikamwita aje nimpime. Akasema, "Shona tu ile ya zamani, Papa." Mimi niliyejua upana wa bega lake tangu akiwa mtoto wa kubebwa, nikasimama pale na utepe wangu shingoni kama mbuzi aliyesahaulika.

Nilidhani ana hasira na chuo. Fundi mzima, sikuona mshono ulipoachia.

Mwaka ukazunguka. Asubuhi moja ya Jumamosi nikamkuta anaandika kwenye meza ya kukatia nguo. Alikuwa ameomba tena, kile chuo kikubwa na kingine kidogo kinachofundisha uuguzi na ukunga, nacho kinachagua vilevile. Barua ameiandika peke yake. Sikuonyeshwa. Akaniambia vyote viwili vimemwita, mahojiano yatakuwa siku moja, kimoja asubuhi kingine mchana.

Nilifurahi nikasimama. Nikaanza kutafuta kitenge.

"Papa, uache kwanza. Niko na neno moja ya kukuomba."

"Sema, mama."

"Ile siku, utoke."

"Nitoke sebuleni? Sawa. Nitakaa barazani."

"Hapana. Utoke ku nyumba. Uende mbali."

"Mbali kama wapi? Kwa jirani?"

"Kwa jirani nitasikia vile unakohoa."

Nikamgeukia mama yake aniokoe. Alikuwa anachagua nyanya, hakuinua hata kichwa. "Toka, mzee. Siku moja tu. Nyumba haitakukimbia."

Nikasema maneno mengi. Kwamba mtoto anahitaji baraka za baba yake karibu. Kwamba mtandao wetu ni mbaya, nani atashika simu. Kwamba kuku. Binti yangu akasikiliza yote, halafu akasema jambo ambalo, ndugu zangu, ndilo lililonileta hapa mbele leo.

"Papa, ile siku ya kwanza walipouliza, miye nilikuwa na jibu. Nilikuwa nayo mu kinywa. Lakini mutoto atajisifu namna gani, baba yake amekaa nyuma? Ungesema nimekosa adabu. Ao singesema kitu, banasema niko mujinga. Njo maana nilikuangalia. Nilikuwa nakuomba ruhusa."

Alikuwa ananiomba ruhusa. Na mimi nikajibu mahali pake.

Nilitoka. Siku ile nilivaa viatu vya arusi maana sikuwa na vingine vya barabarani, nikaelekea kwa dada yangu Nyakarenzo. Kwa miguu. Malori ya simenti yanapanda kutoka Muganza, yananimwagia vumbi, mimi nakohoa kwa uhuru wote. Kila kilima nilisimama nikageuka nyuma. Mara mbili nilianza kurudi. Mara ya pili nilikutana na mteja wangu, akasema, "Papa, umefukuzwa?" Nikamwambia ndiyo. Akanihurumia sana, akanisindikiza kipande.

Dada yangu aliponiona langoni alidondosha jembe.

"Nani alikufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Bibi yako amekuacha?"

"Ametuma salamu."

"Sasa weye unatafuta nini huku? Tangu nijenge hii nyumba hujafika!"

Nikamweleza. Akakaa chini kwenye kizingiti, akauliza kwa sauti ndogo, "Hii mara miye siko mu barua?" Nikamwambia sijui. Akafikiri. "Basi tukae," akasema. "Tukae wote babili tusijue."

Mchana nilitaka kuondoka. Nikatafuta viatu, havipo. Dada yangu alikuwa amevificha. "Kwanza kula. Mutoto hayamaliza bado." Nikala maharagwe yale yale maarufu. Tulikaa mpaka jua likapungua nguvu, watu wazima wawili tunatazama migomba, kila mmoja anajizuia asiichukue simu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Nilipofika nyumbani binti alikuwa anapepea mbabula.

"Umefika, Papa?"

"Nimefika."

"Shangazi hajambo?"

"Hajambo. Ameniibia viatu."

Akacheka. Mwaka mzima sikuwa nimekisikia kile kicheko. Nilitaka kumuuliza, waliuliza nini, ulisemaje, walivaa miwani au walivua. Neno lilipanda mpaka hapa. Nikachukua ndoo nikaenda kuchota maji, ingawa maji yalikuwepo ndani.

Ndugu zangu, sitawadanganya kwamba baba akitoka nje milango yote inafunguka. Kile chuo kikubwa kilimkataa tena, na mimi nilikuwa Nyakarenzo bila viatu. Wanaoomba wanajaa uwanja, sikuwaambia? Wako watoto wengi wanaoshinda darasani wanaokataliwa, na baba zao hawakukosea neno. Kile kingine kilimkubali. Ukunga. Nilikuwa sijui kama anataka kuwa mkunga. Mke wangu alijua. Hata kuku, nadhani, walijua.

Jibu lilipokuja hatukushona kitu. Alipika chai, tukanywa.

Namshukuru yule mwalimu aliyekalia vitambaa vyangu akasema ukweli. Namshukuru mke wangu aliyebeba nyanya na kutubeba sisi. Nawashukuru kina mama wa chumba cha maombi, ambao mara ya pili walikubali kuomba kila mmoja kwake. Najua mmoja aliona uchungu, mama, ubarikiwe. Namshukuru dada yangu. Viatu nimerudishiwa kimoja.

Funzo langu ni dogo, nimechoka siwezi kubeba kubwa. Heshima tuliyowafundisha watoto ni nzuri, tusiitupe. Lakini mtoto akiulizwa yeye ni nani, na wewe umeketi nyuma yake, hata ukinyamaza unajibu. Mtafutie mahali usipokuwepo.

Binti yangu yuko hapa leo, yuko likizo. Mchungaji alimwomba na yeye ashuhudie, aseme mwenyewe alipita wapi na aliwajibu nini. Mimi mpaka leo sijui aliwajibu nini. Amekubali kusema, kwa sharti moja, na ninyi mnacheka, mmeshalijua.

Basi. Naenda kusimama kule chini kwenye bomba la maji. Nitajitahidi nisikohoe. Mzee wa mlango, nikishapita, nakuomba ufunge.