Nilimwambia Binti Yangu Akatae Tuzo

Ndugu zangu, nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini nyumba yangu ya hapa St Marys, katika nchi hii iliyotupokea wakimbizi, nimeipata kwa mikono hii. Kwa hiyo mnisikilize. Nimesimama kusema habari ya woga.

Wakati wa lokdauni ya korona binti yangu aliye Amerika alinipigia. "Papa, kitabu changu kimepata tuzo! Ni ya hadithi za Kiamerika zinazoandikwa kwa namna mpya."

"Namna gani?"

"Kitabu chote ni interviu ya kambi ya wakimbizi. Baba anaulizwa swali moja tu: mlivuka mpaka lini? Kila ukurasa anajibu tofauti."

Ninyi mliopita kambini mnajua. Tulikariri jibu moja, baba, mama na watoto. Tarehe ikigeuka, faili inarudi chini kabisa. Sasa mtoto wangu ametangaza majibu chungu nzima, na wazungu wanampigia makofi!

"Ikatae," nikamwambia. "Watatufukuza huku."

"Papa, ni riwaya. Nimetunga."

"Huyo baba ni nani, kama si mimi?"

Akalia. Nikakata simu.

Siku ya tatu polisi na wanajeshi waliokuwa wakikagua lokdauni nyumba kwa nyumba wakagonga mlango. Kabla hawajafungua mdomo nikaanza: namba ya familia, tarehe, jina la mto, watoto sita. Mwanajeshi akaniangalia, akauliza kama tuna chakula cha kutosha. Mke wangu alicheka, halafu akaona ninalia.

Ndiye aliyempigia mama mmoja wa kanisa hili, anayetunza wazee. Mama yule akakinunua kitabu, akanisomea kwa simu kila alasiri, akikitafsiri kwa Kiswahili. Nilimkatiza: "Uongo huo! Hatukupita huko!"

"Si ndiyo riwaya, mzee? Tulia nisome."

Ukurasa wa mwisho yule baba anaulizwa tena walivuka lini. Anajibu, "Mimi bado." Huyo hakuwa mimi. Lakini woga ulikuwa wangu.

Nikampigia binti. "Pokea tuzo yako."

"Nilishapokea, Papa. Siku ile ile uliponikatia simu."

Nilikasirika! Kisha nikamshukuru Mungu kwamba hakunitii.

Asante, mke wangu. Asante, mama uliyenisomea. Na ninyi mnaoficha barua za serikali kwenye droo bila kuzifungua, nawajua. Zileteni Jumapili. Mama huyo amekaa pale mstari wa pili, na miwani anayo.