Kijiko Changu Kwenye Makande

Wapendwa wa jumuiya, leo nina furaha mpaka miguu haitulii, kwa hiyo nikienda mbio mnivumilie.

Mnanijua kwa makande. Nani hapa hajala makande yangu? Basi. Nilikuwa nikipika Jumamosi chungu kizima, mahindi na maharage, tunayala mpaka Jumanne. Makande yaliyolala ndiyo matamu, hilo Mpare hafundishwi. Na kila nikiyapasha nayakaanga upya: kitunguu, kijiko cha samli, chumvi ya kurudisha ladha. Kijiko chenyewe cha kupakulia, siyo cha chai!

Mwaka jana mume wangu alianguka kwenye shamba la mpunga kule Ndungu. Wenzake walimkimbiza zahanati kwa bodaboda, mmoja amemshikilia kwa nyuma, nami nikawakuta huko. Presha! Muuguzi akanivuta pembeni. "Mama, dawa atameza, lakini mafuta na chumvi mpunguze kweli kweli. Akiendelea hivi atapata kiharusi." Ndugu zangu, nawaambia, nililia njia nzima mpaka nyumbani Maore.

Nikajifunga kibwebwe. Nikapika makande mepesi: maharage mengi kuliko mahindi, karoti, mboga ya mnafu, tangawizi ya kwetu milimani, samli kijiko kimoja tu. Watoto walikunja sura, lakini wakala. Baba yao alikula akashukuru. Mwezi ukaisha, tukaenda kupima. Presha iko palepale. Mwezi wa pili, imepanda!

Hapo hasira ikanipanda na mimi. Nikasema huyu mwanaume anakula chipsi mayai huko Ndungu. Mimi nahangaika jikoni, yeye anakwenda kujimaliza! Nikamuuliza, akakana. Nikanusa mashati yake. Msicheke, niliyanusa! Mwisho, si mnatujua Wapare kwa kesi, nikaitisha kikao. Jumamosi moja shemeji zangu walishuka kutoka mlimani pamoja na mama mkwe, nikamshtaki mume wangu mbele yao kwamba ni mwongo, anataka kuniacha mjane na watoto.

Hakupandisha sauti. Alisema, "Mke wangu, sijala kwa mtu." Akasukuma sahani. Tangu hapo akawa anashindia chai tupu, na ni mgonjwa! Niliogopa sana, ila kumwomba radhi sikutaka. Kiburi, wapendwa, kibaya.

Shemeji waliondoka, mama mkwe akabaki. Jumatatu jioni alikuwa kwenye kigoda jikoni, ananitazama napasha makande yale yale ya Jumamosi. Nimekata kitunguu, nimechota samli.

"Mkwe wangu, hicho ni kijiko cha ngapi?"

"Cha kwanza, mama. Siku hizi tunatia kimoja tu."

"Cha kwanza leo," akasema taratibu. "Jumamosi ulitia. Jana mchana ukatia, jana jioni ukatia, na chumvi juu yake. Mimi nimekaa tu hapa nakuangalia."

Jamani! Kijiko kilinidondoka. Mkono umezoea, kila kupasha unachota wenyewe, na mimi kichwani nahesabu kile cha Jumamosi peke yake. Miezi miwili namlisha mume wangu samli halafu namfungulia kesi!

Nikaanza upya hapo hapo. Sasa chungu kinachemka bila hata tone la mafuta. Jioni nachota ya kututosha, nayapasha kwa maji, nyanya na kitunguu, mnafu natia mwishoni, na limau linakamuliwa mezani ili tusiikumbuke chumvi. Siku ya kwanza ya chungu hicho niliwapakulia wote humo humo, nikasema, "Baba, samli ilikuwa inatoka kwangu." Akanitazama weee. Akaonja. Watoto hakuna anayetafuna. Akasema, "Hebu nipe limau jingine." Alikula sahani mbili! Nilikimbilia jikoni, nikalia na kucheka kwa pamoja.

Na presha imeshuka, wapendwa! Muuguzi alipima mara mbili, akadhani mashine imeharibika!

Mama mkwe, shikamoo mama, ahsante kwa macho yako na kwa kutonisema mbele ya watu. Muuguzi wetu, ahsante kwa kunieleza ukweli. Na ninyi kina mama wenzangu, mwenye mgonjwa nyumbani aangalie sufuria yake tangu inapoinjikwa mpaka inapokwisha, hasa pale inapopashwa. Kabla hujamnusa mtu shati, tazama mkono wako.

Sasa baba watoto, simama. Simama bwana, watu wakuone. Nilikushtaki mbele ya ndugu zako wa damu, na sikuwahi kuwaita tena kuwaambia kwamba nilikosea. Wale wawili pale mbele ni shemeji zangu, nimewaalika mimi. Shemeji, nisikilizeni: kaka yenu hakusema uongo. Mwongo wa nyumba ile nilikuwa mimi, na yeye alinisamehe kabla sijamwomba.