Mwalimu Pumzi na Wanafunzi Waliotazama Dari

Wasikilizaji wapendwa, aliye jikoni na apunguze moto kidogo, na mwenye kazi mkononi aendelee nayo taratibu. Leo tunamkumbuka mwalimu wa kuimba aliyezikwa wiki iliyopita. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Pumzi, na mwishowe hata mumewe akamwita hivyo hivyo.

Darasa lake lilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya gereji ya matairi. Kulikuwa na kinanda, kioo kirefu ukutani, na viti ambavyo mumewe, fundi wa makochi, alivishona upya kila vilipochanika. Chini yao kompresa ya kujazia upepo ilinguruma mchana kutwa. Mtu mwingine angehama. Mwalimu Pumzi alisema ile kompresa ni mwalimu msaidizi, tena hachelewi kazini.

Mwanafunzi akifika anahema, simu mkononi, hakuruhusiwa kuimba. "Kaa kwanza," alimwambia. "Mwili umepanda ngazi, akili bado iko sokoni. Tuingoje." Basi wakaingoja. Walisikiliza kompresa mpaka inyamaze. Walisikiliza pumzi ikiingia na kutoka, bila kuisukuma. Akili ikitoroka hakuna aliyegombezwa. Ilirudishwa tu, kama mbuzi aliyeingia shamba la jirani. Baada ya hapo ndipo somo lilianza: mabega chini, taya lilegee, mbavu zitanuke pembeni, sauti ibebwe na pumzi badala ya kukwaruzwa kooni.

"Wengine walidhani wamekuja kulala," anasema mumewe, na hapo anacheka mwenyewe. "Mimi nilisinzia mara nyingi tu. Akaniambia, baba watoto, wewe umeshafuzu, nenda kashone makochi."

Na sauti alikuwa nayo, wapendwa. Narudia, alikuwa nayo. Akiimba ghorofani, mafundi wa matairi walizima kompresa wenyewe bila kuombwa. Binti yake pekee, ambaye leo ni mfamasia, anasema alikua akidhani kila nyumba ina mama anayeimba anapoosha vyombo. Alipoanza kwenda kwa wenzake akawahurumia.

Lakini kumkumbuka mtu si kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mwalimu huyu alikuwa na kasoro moja. Alipokuwa msichana alisimama safu ya nyuma katika kwaya, naye ni mfupi. Ili amwone kiongozi ilimbidi ainue kidevu. Akazoea. Akawa kila anapofika sauti ya juu, kidevu kinapanda. Ukiinua kidevu hivyo koo linabanwa, na yeye alilijua hilo vizuri, maana ndilo alilofundisha. "Shusha kidevu," aliwaambia. Kisha akawaambia, "Sikiliza, ufanye kama mimi." Akaimba, na kidevu hicho kikaelekea juu.

Mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Wanafunzi wote wakainua videvu. Kiongozi mmoja wa kwaya alimtania: "Wanafunzi wako nawajua hata kabla hawajafungua mdomo. Wanatazama dari kama wanatafuta panapovuja." Mwalimu alicheka sana. Alidhani ni sifa.

Kisha akapata uvimbe shingoni. Ikabidi afanyiwe upasuaji. Daktari aliwaeleza mapema, mume na mke wakiwa pamoja, kwamba kuna mshipa mdogo wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti, na huenda ukaguswa. Uvimbe ulitoka salama. Mshipa uliguswa. Sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, tena wa kusikika na mtu aliyekaa karibu.

Mwalimu Pumzi aliamua kufunga darasa. Kwake yeye, mwalimu wa kuimba asiyeweza kuimba ni sawa na kinyozi asiye na mikono. Alipanda ghorofani, akafunika kinanda kwa shuka, akaanza kukitoa kile kioo ukutani. Skrubu moja ikagoma. Alikuwa bado anahangaika nayo aliposikia viatu vizito ngazini.

Alikuwa fundi bomba. Mtu mnene, sauti nene, mwanafunzi wake wa miaka mingi, hakosi siku yake ya somo hata mabomba ya mji mzima yapasuke. Alikuwa ametumiwa ujumbe kwamba darasa limefungwa. Alikuja hivyo hivyo.

"Sina sauti," Mwalimu akamnong'oneza. "Nenda nyumbani, kaka yangu."

"Pole, Mwalimu, nimesikia," akajibu fundi bomba. "Lakini mimi sikuifuata yako. Nimekuja na yangu."

Akasimama mahali pake na kuanza kuimba. Alipofika juu, sauti ikakwaruza kama kawaida yake. Akanyamaza, akasubiri aonyeshwe. Mwalimu akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Kompresa ikanguruma, ikanyamaza. Mwalimu hakuwa na la kufanya isipokuwa lile alilokuwa akiwaambia wengine wafanye. Akakaa, akafumba macho, akasikiliza.

"Rudia," akanong'ona.

Fundi bomba akarudia. Mara hii Mwalimu akafumbua macho katikati ya sauti ile ya juu, akamtazama mtu mzima, fundi, baba wa watoto, anavyoikodolea macho dari.

"Hapo juu unasikia nini mwilini?"

"Koo linauma."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze, Mwalimu. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

"Na huko darini unatafuta nini?"

Fundi bomba akamtazama kwa mshangao. "Si ndivyo unavyoimba wewe?"

Mumewe anasimulia kwamba jioni ile mkewe alirudi nyumbani akicheka, kicheko kisicho na sauti, machozi yakimtoka, asijue mwenyewe kama analia. Ile miaka yote alikuwa akiwafundisha watu kidevu chake. Siku hiyo alimwambia fundi bomba aimbe akimtazama yeye usoni, basi, na asimwige mtu. Ikatoka sauti pana, nzito, yenye mchanga mchanga, ambayo haikufanana na ya Mwalimu hata kidogo. Hakuwahi kuisikia. Ilikuwa ndani ya mtu yule siku zote.

Kioo hakikutolewa. Darasa halikufungwa. Narudia, wapendwa, halikufungwa. Mwalimu Pumzi alifundisha miaka mingine mingi kwa mnong'ono, kwa kiganja alichokiweka kwenye mbavu za mwanafunzi, na kwa masikio. Wanafunzi walisogeza viti karibu ili wamsikie, na mtu akisogea karibu hivyo hata simu huisahau.

Binti yake hakupendezwa mwanzoni. Nyumba ilikuwa imenyamaza. Vyombo vilioshwa kimya kimya. Siku moja akamuuliza mama yake, kwa uchungu, anapataje furaha kuwasikia wengine wakiimba wakati yeye hawezi.

"Mwanangu," mama akamjibu, "zamani mtu akiimba nilikuwa namngoja tu amalize, nimwonyeshe. Sasa ninamsikia."

Wasikilizaji wapendwa, Mwalimu Pumzi ameondoka baada ya kuugua kwa muda mfupi, mumewe akiwa kando yake. Wanafunzi walimwimbia makaburini, wa zamani na wa juzi. Binti yake alisimama mbele kabisa, ametega sikio.

"Nilikuwa namtafuta mama," ametuambia. "Nilitaka nimsikie kwa mmoja wao, hata neno moja tu. Nikapita sauti moja hadi nyingine. Hakuwemo. Kila mtu alikuwa yeye mwenyewe. Nililia sana. Halafu nikaelewa kwamba hiyo ndiyo kazi aliyoifanya, nikashukuru."

Nasi tushukuru. Na leo, kabla hujamwambia mwanao, au mkeo, au kijana wako wa kazi, "fanya kama mimi", kaa naye kidogo. Huenda ana namna yake ambayo hujapata kuisikia.

Kwako mzee wetu, fundi wa makochi, na kwako dada mfamasia, na kwenu nyote mliopanda ngazi zile, poleni sana. Mungu awape subira. Ametufaa, na tunamshukuru.

Tulimwomba binti atupatie wimbo mmoja wa mama yake tuupige sasa hivi. Kanda anazo, zimejaa sanduku zima. Amelifikiria jambo hilo, kisha akatuletea fundi bomba. Yuko hapa studio, amevua kofia, ameketi mbele ya kipaza sauti.

Karibu, fundi.