Maman Laurence, Wali Wenye Kuvu na Friji ya Ofisi

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, Maman Laurence Niyonsaba anastaafu baada ya kukitumikia Kituo chetu cha kilimo hapa Rusizi kwa miaka ishirini na saba. Anaondoka bila mtu wa kupokea kazi yake, na hilo nitalirudia. Nimeombwa niandike ukurasa huu wa programu, nikaelekezwa uwe wa kuchangamsha. Mimi ni Karangwa, mtunza ghala. Watu wa ghala hatujulikani kwa uchangamfu, na wiki hii nina hasira, kwa hiyo anayetaka kucheka acheke mapema, kabla sijafika kwenye habari za friji.

Maman Laurence alizaliwa na kulelewa Bukavu, akasomea kazi ya maabara huko huko. Aliporudi Rwanda, nchi ya wazazi wake, alivuka daraja la mpakani na cheti chake ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na hadubini ya mtumba ambayo hakumruhusu mtu kuigusa. Kituo kilimpa chumba nyuma ya ghala langu. Kabla yake kilikuwa chumba cha kuku, na kwa mwaka mzima wa kwanza kuku waliendelea kuamini kwamba bado ni chao.

Kazi yake ilikuwa minyoo fundo. Kwa mgeni asiyejua, hawa ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi udongoni na kuingia kwenye mizizi ya nyanya, karoti na mazao mengine mengi. Mzizi unafura vifundo, mmea unanyauka kwa kiu hata mvua ikinyesha, na mkulima anasema amerogwa. Jibu letu la miaka yote lilikuwa dawa ya chembechembe kutoka ghalani kwangu, kali mno hata nilikuwa naipanga huku nimeziba pua. Iliua minyoo, ikaua na nyungunyungu. Msimu uliofuata minyoo walirudi, nyungunyungu hawakurudi.

Sasa kuhusu karatasi ya chooni. Mwaka 2003 nilimwandikia Mkuu wa wakati huo barua kali, nikieleza kwamba mfanyakazi mmoja wa kike anachukua roli ishirini kwa mwezi na kwamba jambo hilo halielezeki kiafya. Maman Laurence aliipata ile barua. Aliniita chumbani kwake, akanionyesha chujio lililotandikwa karatasi laini, juu yake udongo, chini yake sahani ya maji. Minyoo hupenya karatasi na kushukia majini, udongo ukabaki juu. Akanikalisha mbele ya hadubini. Niliwaona wakijinyonganyonga kwa mamia, na kwa wiki mbili sikuweza kula makaroni. Barua nyingine sikuandika.

Miaka michache baadaye, kwenye shamba moja la Nkungu, aliona karoti zimenyooka ilhali za majirani wote zina vifundo. Mtu mwingine angempongeza mwenye shamba na kwenda zake. Yeye alibeba mizizi na udongo, akakaa nao miezi, mpaka akaona kwamba mayai ya minyoo katika shamba lile yameota kuvu, na ile kuvu inayala. Basi akaifuga. Alipika mchele, akautia kwenye mifuko, akaichemsha kwa mvuke ndani ya sufuria kubwa kuua kila kisichotakiwa, kisha akapandikiza kuvu yake. Baada ya wiki mbili wali wote uligeuka rangi ya zambarau hafifu. Mkulima anauchanganya na samadi iliyoiva, anatia konzi moja kwenye shimo la kupandia, basi. Mbegu yenyewe, ile kuvu mama, ilikaa katika vichupa kumi na kimoja vya kioo ndani ya friji ya ofisi, na kila mwezi ilipaswa kuhamishiwa chakula kipya, la sivyo inakufa. Vichupa hivyo alikuwa akiviita batoto, yaani watoto, kwa Kiswahili chake cha Bukavu.

Papa Munyemana, mkulima wa Nzahaha, alikuwa wa kwanza kupewa mifuko ile, na wa kwanza kulalamika. Alisimama mlangoni kwetu na kofia mkononi akasema, "Maman, mulinipa muchele yenye kuoza. Mie nilikuja kutafuta dawa yenye kuuwa." Ikaja kujulikana kwamba alipomaliza kuweka kuvu rafiki shimoni, aliona kuvu, akaogopa, akamwagia dawa ya kuua kuvu. Maman Laurence alikwenda Nzahaha kwa pikipiki, akapanda naye upya, mche kwa mche. Msimu wa pili vifundo vilipungua kidogo tu, na wenzetu hapa wakatania kwamba Maman anafuga minyoo kwa wali. Msimu wa tatu Papa Munyemana alifika na mche wa nyanya umefungwa kwenye baiskeli, akaulaza juu ya meza yangu ya kupokelea mizigo, udongo na yote. Mizizi ilikuwa myeupe, laini, bila kifundo hata kimoja. Sikumgombeza kwa kuchafua meza.

Sasa friji.

Machi 2023 tulitangaziwa wageni. Wenyeji wa hapa mnatujua, mgeni akitajwa tunafagia mpaka vumbi la jirani. Uongozi ukatoa agizo la usafi kwa maandishi, na mstari wa nne ulisema vyakula vyote vilivyooza viondolewe majengoni. Maman Laurence alikuwa kisiwani Nkombo kwa siku tatu akipima udongo wa vikundi vya akina mama, na mitumbwi haikuvuka kwa sababu ya upepo. Hakuna aliyempigia simu. Mifuko sitini na miwili ya wali wa zambarau ilibebwa hadi shimoni, ikamwagiwa chokaa. Kisha mtu akakumbuka kwamba wageni watahitaji fanta za baridi, friji ikafunguliwa, vile vichupa vikaonekana vimeota ukungu, vikamwagwa na kuoshwa kwa sabuni. Vilioshwa vizuri sana, viling'aa.

Nawasikia mnauliza nani alibeba. Nilibeba mimi. Mimi niliyeketi mbele ya hadubini, niliyeuona ule mzizi mweupe juu ya meza yangu, nilisoma mstari wa nne na kutii. Hasira yangu yote juu ya ofisi hii huanzia hapo, kwenye mikono yangu mwenyewe, na mwenzangu yeyote anayedhani namsema yeye ajue nimeshajisema kwanza.

Aliporudi alifungua friji, akakuta chupa za fanta zilizosalia. Alinigeukia akauliza, "Karangwa, hii fanta, bageni banasema ilikuwa baridi muzuri?" Nikasema ndiyo. Akafunga friji taratibu, akavaa tena viatu vyake vya shamba.

Alirudi Nzahaha kwa Papa Munyemana. Miaka yote ile ya konzi moja kwa kila shimo, kuvu ilikuwa imeingia udongoni na kukaa, na yule yule aliyeiita mchele wa kuoza akamwachia achimbe popote anapotaka, hata katikati ya nyanya zinazozaa. Ilimchukua Maman Laurence miezi saba kuitafuta kwenye mizizi, kuitenga na kuvu nyingine zote, na kuijaribu tena juu ya mayai ya minyoo hadi akawa na hakika kwamba ni yenyewe. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Wageni wa Machi walikuwa wamekwisha kutuletea cheti cha usafi, kipo ukutani pale mapokezi, kwenye fremu.

Leo wakulima zaidi ya mia nne wa wilaya hii hawanunui dawa ya chembechembe, na nyungunyungu wameonekana tena Nzahaha. Wanategemea mifuko ya chumba cha kuku. Sasa nimefika kwenye barua ya mwezi uliopita, inayosema nafasi ya Maman Laurence haitajazwa, kwa kuwa shughuli yake imefikia tamati, na kwamba chumba kitahifadhi viti vya plastiki. Nimeuliza mara tatu nani atawalisha wale batoto. Mara ya kwanza nilijibiwa kwamba swali limepokelewa. Mara ya pili, kwamba mimi ni mtu wa ghala. Mara ya tatu nilikumbushwa niandike ukurasa huu na niutaje mchango wake katika mazingira. Basi nimeutaja. Kitu kinachokufa kisipolishwa kwa mwezi mmoja hakitamsubiri mtu aketi kwenye kikao akiamue.

Jambo ambalo uongozi haukuliuliza ni ninafanya nini hapa kila Jumamosi tangu mwaka jana. Nilimwomba Maman anifundishe, baada ya kukaa na aibu kwa muda wa kutosha. Nilimwambia nitakuwa nakuja siku za kazi, akanijibu, "Batoto habakulake siku ya kazi tu," yaani wanakula hata siku za mapumziko. Mapishi yangu ya kwanza yaliota weusi. Ya pili yalinuka hata walinzi wakahama kivuli. Ya tatu aliyatazama, akanusa, akaniambia niyatupe mwenyewe, kwa kuwa kutupa ninajua. Nilistahili. Mwezi wa nne wa mafunzo wali ukatoka zambarau mfuko kwa mfuko, naye akaniachia sufuria na kwenda kukaa nje juani. Tangu Januari mifuko yote mliyoigawa mashambani imepikwa na mikono iliyoimwaga ile ya kwanza.

Kwa hiyo nafasi haijajazwa, lakini kazi ina mtu. Viti vya plastiki vitafutiwe pengine.

Maman Laurence, ahsante kwa miaka ishirini na saba, ahsante kwa pikipiki zote za Nzahaha na mitumbwi yote ya Nkombo. Ahsante kwa kutonisamehe haraka. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, wajukuu wasiokugusia hadubini, na bustani nyuma ya nyumba yenye mizizi myeupe. Nenda salama, na Jumamosi ukipata nafasi upite uninusie wali.

La mwisho ni sahihisho la programu. Ukurasa wa pili unasema vinywaji baridi vitatolewa saa nane. Si kweli. Friji ina vichupa thelathini na viwili, nimeifunga tangu jana, na ufunguo umo mfukoni mwangu. Tusimame sote, tunywe kwa afya ya Maman Laurence, fanta ya moto.