Kumuaga Nyawira, Msomi wa Nduru za Mwili

Mheshimiwa Chifu, Mchungaji Githongo, jirani yangu Asho na mumewe mzee Roble, shosho, nyanyake Nyawira, aliyetoka Kisaju na hayo magoti yake yanayouma, Baba Nyawira aliyeapa kwamba leo halii, na nyote mliofika hapa Noonkopir: hamjambo?

Mimi Wahu shule niliacha darasa la tatu. Lakini binti yangu anaenda Ubelgiji kusomea protini za mwili, na amenifundisha jikoni nikimenya viazi. Anasema seli ikivamiwa na kirusi haikai kimya, inatoa protini ndogo ndogo, na hizo ndizo nduru yake! Seli jirani zikizipata zinafunga milango, chembe nyeupe za damu zinakuja mbio kama askari, mwili unapanda joto. Nikamwambia, "Hiyo naijua. Si ni kama fisi alipoingia kwa mbuzi za shosho?"

Mnakumbuka? Shosho alipiga nduru moja, Kisaju nzima ikatoka. Mzee Roble, wewe ulikuwa umekuja kununua mbuzi, ukatokea na ndala moja mkononi! Fisi akatoroka, lakini watu wakaendelea kupiga vichaka kwa rungu mpaka wakaangusha zizi. Nyawira akacheka: "Mama, hata mwilini ni hivyo. Nduru ikizidi, inaumiza mwenye nyumba."

Nilijua ananisema mimi. Mwaka jana alilala na nimonia chuoni wiki mbili, na mimi mama yake nikaambiwa na Asho sokoni, kwa sababu binti yake anasoma huko! Nilipomuuliza, akanijibu, "Ningekuambia, Mama, ungekuja na kanisa lote." Sasa mnacheka nini? Ile homa yake ya darasa la saba nilienda shuleni na shangazi wanne na mchungaji. Hilo ni kanisa?

Basi Nyawira, mbele ya hawa wote nakuuliza: ni msomi gani huyu anayesifu seli kwa kusema mapema, na yeye akiugua anakaa kama jiwe? Huko hakuna Asho. Nisipojua uko vipi, chakula hakitashuka. Kwa hivyo mimi nimekubali kupunguza kelele. Nitamwambia baba yako, na Mungu, basi. Na wewe ukubali: hata kifua kikiwasha tu, niambie siku hiyo hiyo, usingoje upone.

Wageni wetu, asanteni kwa kumvumilia mama mwenye maneno mengi. Nyawira, baba yako ameshika simu tangu asubuhi. Ukishuka kwa ndege, kabla hujafungua sanduku, tuma neno haraka.