Mkono wa Kulia wa Mama Vidole

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wateja wake wa miaka mingi, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kiume, kazi nisiyoitamani, ya kuwasomea maisha ya dada yetu, msusi mliyemwita Mama Vidole.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1974, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko hadi mwaka 1988, kisha shangazi akamfundisha kusuka, na mwaka 1995 akafungua chumba chake, chenye kioo kimoja na benchi, ambako wanawake walisubiri zamu huku wakimalizia umbea wa juzi.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, wakajaliwa mabinti wawili na kitinda mimba wa kiume.

Tarehe 2 Juni 2021 pikipiki aliyopanda iliteleza, akaangukia bega la kulia, mishipa ya fahamu itokayo shingoni ikachanika, na mkono ukabaki unaning'inia kama si wake. Baada ya upasuaji, mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimkunja na kumnyoosha kiwiko kila wiki kisije kikakakamaa, na mwenzake, anayefundisha wagonjwa kurudia kazi za mikono, akamwekea kichwa cha mwanasesere chenye nyuzi, ajaribu kusuka. Mwaka mzima vidole havikutikisika. Vilipoanza kubana nyuzi, vikiwa bado vinyonge, alisuka msuko mmoja, akautazama, akasema, "Hii kamba ya mbuzi," tukacheka, kumbe alipotupa kisogo alikuwa analia.

Nguvu ilirudi kidogo, hisia haikurudi, na mtaalamu yule wa kazi za mikono alimwonya mara nyingi, "Mama, maji ya moto shika kwa kushoto, huu mwingine hautakwambia kitu."

Tarehe 27 Oktoba 2023, kesho yake ikiwa harusi ya binti yake mkubwa, alikataa katakata mwanawe asukwe na mtu mwingine. Alisuka kutwa nzima, na alipofika kuchovya ncha za nywele kwenye maji yaliyochemka ili zisifumuke, furaha ikamsahaulisha, akazishika kwa mkono wa kulia, ukazama nazo. Binti ndiye aliyepiga kelele, "Mama, mkono!" Yeye alikuwa bado anatabasamu.

Aliufunga kitambaa, akacheza harusini, na baadaye kila tulipomsihi aende hospitali alijibu kwamba hauumi, na kweli haukuuma, hadi kidonda kikaoza na sumu ikaingia kwenye damu. Alilazwa tarehe 9 Novemba, madaktari wakaomba ruhusa ya kuukata, naye akawaambia, "Ukateni, nimechoka kuubembeleza." Walikuwa wamechelewa, nasi tulikuwa tumechelewa zaidi. Alifariki tarehe 19 Novemba 2023, alasiri, akiwa na miaka arobaini na tisa.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, wataalamu wake wawili ambao wamekaa hapa nasi tangu asubuhi, majirani na wasusi wenzake. Tungependa kuwaambia kwamba tumefarijika, lakini bado.

Dada, pumzika sasa, hakuna anayekudai zoezi.